Rangi ya Gogo Ufukoni

Msafiri ashukaye mto Kongo kutoka Kisangani kwenda Yangambi, mwendo wa kilometa 100 hivi, huona ufukoni magogo yaliyolazwa yakingojea chombo cha kuyapeleka mjini. Asiyapite hivi hivi. Kila gogo lina habari yake, nalo huieleza kwa rangi.

Tutazame kwanza mti uitwao ilomba katika biashara. Siku ya kuangushwa, mbao yake ni nyeupe. Gogo likilala majuma mawili matatu katika joto na unyevu, weupe ule huingiwa na mistari ya kijivu na samawati. Hiyo ni kazi ya kuvu, ambayo nyuzi zake nyembamba hupenya ndani ya mti zikila sukari na wanga uliomo. Randa haiwezi kuiondoa, maana haikukaa juu kama vumbi. Mbao haipotezi nguvu nyingi, lakini bei yake hushuka.

Pamoja na rangi hiyo huonekana matundu membamba kama ya sindano, yenye kingo nyeusi. Watu husema: dumuzi amekula mti. Sivyo! Dumuzi huyu, mdogo kuliko punje ya mchele, hali mti. Yeye ni mkulima. Huchimba njia, huleta mwilini mwake mbegu za kuvu ya namna nyingine, huzipanda katika kuta za njia ile, na watoto wake hula mavuno. Shamba lake lahitaji maji ya mti. Gogo likikauka, kuvu hufa, naye hana chakula tena.

Lakini, ndugu msomaji, si kila rangi ni ugonjwa. Kiini cha afromosia huwa cha manjano kinapopasuliwa, kisha mwanga hukigeuza kuwa kahawia, wala hakuna dhara. Kikipigiliwa misumari ya chuma penye unyevu, hutoa alama nyeusi, kwa kuwa chuma kimekutana na tanini ya mti. Kuvu na mchwa hawakiwezi kwa urahisi. Kwa sababu ya ubora huo mti huu umewindwa sana, hata mwaka 1992 biashara yake kati ya nchi na nchi iliwekwa chini ya masharti ya mkataba wa mataifa.

Huko Yangambi, penye kituo cha utafiti tangu mwaka 1933, imehifadhiwa mimea mikavu kwa maelfu mengi, ili miti ijulikane kwa hakika. Maana anayeujua mti hujua pia muda wa kuuokoa. Mti mweupe uangushwe wakati chombo kiko tayari. Upasuliwe mapema, mbao zipangwe chini ya paa, mbali na udongo wenye mchwa, na vijiti katikati ili upepo upite. Asiyeweza kupasua upesi alizamishe gogo majini: sehemu iliyozama hukosa hewa, na adui wote wawili hushindwa. Sehemu inayoelea juu hushambuliwa kama kawaida.

Gogo lililobadilika rangi halimlipi mpasuaji gharama za petroli na za wachukuzi. Basi hurudi msituni kuangusha jingine. Hivyo kuchelewa kwa majuma matatu humaliza mti uliokua tangu enzi za babu zetu, na dumuzi hubebeshwa lawama.