Kutangulia si Kufika

Wahenga walinena kuwa kutangulia si kufika. Mnamo Februari 1982, kauli hiyo ilidhihirika kisiwani Hawaii, Marekani. Julie Moss, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, alijitosa katika mashindano ya Ironman kwa mara ya kwanza. Hakuwa mwanariadha wa kulipwa. Alikuwa akitafiti fiziolojia ya mazoezi kwa ajili ya tasnifu yake. Ama kweli, maji usiyoyafika hujui kina chake.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatua tatu zilizofuatana siku hiyo hiyo: kuogelea baharini kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42. Ashukaye baiskelini baada ya mwendo huo huihisi miguu yake kuwa mizito mithili ya magogo, ilhali mbio ndefu bado zamngoja.

Moss aliwaongoza wanawake wenzake hadi kikomo kikaonekana. Ghafla miguu ikalegea. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Zilipobaki hatua chache tu, Kathleen McCartney akampita na kutwaa ushindi. Je, cha kushindania kilibaki nini? Hata hivyo, Moss alitambaa kwa mikono na magoti hadi akaugusa mstari, sekunde 29 baada ya mshindi.

Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumkanya aliye mbele asijivune. Kwa Moss, ina faraja pia: kupitwa nako si kutofika.