Furu wa Miamba ya Bukoba

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Bukoba, usiridhike na kuona migomba na mibuni peke yake. Teremka ufukoni asubuhi, upepo ungali umelala, ukitazame kisiwa cha Musira kilichosimama mbele ya mji. Kisha yaangalie maji kando ya miamba. Humo ndimo wanamoishi furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja.

Watu wa pwani hujivunia samaki wa rangi wakaao katika matumbawe. Ziwa Victoria halina matumbawe, lakini nyufa za miamba yake ni makao ya viumbe wasiopungukiwa na uzuri. Furu dume hujipamba kwa buluu, manjano au wekundu. Jike huvaa kijivu, naye ndiye achaguaye mume. Akisha kutaga, huyaatamia mayai kinywani mwake, na humo huwalinda watoto hata wajue kuogelea. Mmoja wa jamaa hao, apatikanaye upande wa Mwanza, huitwa na wataalamu Pundamilia nyererei: punda milia kwa mistari yake, na nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, alizagaa katika miaka ya 1980. Visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, vimepata riziki kwake, na hilo si jambo dogo kwa mzazi asomeshaye. Lakini kati ya aina zipatazo 500 za furu, yakadiriwa kuwa 200 hivi zilitoweka. Wengi wa miambani walisalimika, kwa kuwa sangara mkubwa hapenyi katika nyufa.

Hata hivyo, mwamba hauzuii matope. Mvua kubwa za Bukoba zinyeshapo, mto Kanoni hupita mjini ukichukua udongo na taka hadi ziwani. Maji yakivurugika, nuru hufifia, na jike hushindwa kuitambua rangi ya dume wa aina yake. Aina mbili zikachanganyika, moja ikapotea pasipo wavu wala ndoana.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa mjini usitupe taka mtaroni. Ukiwa shambani, panda majani yashike udongo. Mlinzi wa furu ni maji maangavu, na maji hayo yaanzia mlangoni pako.