Butembo: «Harmful» si «harmless»

Sokoni Butembo, Kivu ya Kaskazini, mama mmoja anauzisha mbegu na dawa za kupulizia nyanya. Mali yake nyingi inatoka Uganda kupitia Kasindi. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini biashara hiyo ni ya zamani zaidi. Maandishi ya kwenye chupa ni ya Kingereza. Mama huyo alisoma kwa Kifaransa.

Siku moja mteja alishika chupa ya dawa mpya, akauliza: «Mama, ikiisha naweza kuiosha nitiemo mafuta ya kupikia?» Mama akaona neno «harmful». Alikuwa amesikia neno linalofanana na hilo, akakumbuka maana yake ni kwamba kitu hakina shida. Akajibu: «Ukiosha muzuri, haina neno.»

Wiki iliyofuata, kwenye masomo ya Kingereza ya mangaribi, mwalimu aliandika ubaoni: «care, careful, careless», kisha «harm, harmful, harmless». Akasema: «Muangalie mukia wa neno. "-ful" ni kama kusema "yenye". "-less" ni kama kusema "bila". Harmful ni yenye madhara. Harmless ni bila madhara.»

Mama huyo hakungoja somo liishe. Alichukua mfuko wake na kwenda mbio kwa mteja wake. Alikuta chupa imeoshwa, imegeuzwa chini mlangoni ili ikauke. Mafuta yalikuwa hayajatiwa bado. Wanawake hao wawili waliitoboa kwa musumari ili mtu mwingine asiitumie.

Katika Kiswahili neno «hatari» halibadiliki: tunasema hatari, tunasema njia ya hatari, basi. Kingereza kinashona mkia: «danger» inakuwa «dangerous». Hapo aliyesoma Kifaransa anasaidiwa, kwa sababu «dangereux» inakuwa «dangerous», na «nerveux» inakuwa «nervous». Vitendo navyo vina mikia yao. Kutoka «tire», mtu aliyechoka ni «tired», kazi inayochosha ni «tiring». Kijana mmoja darasani alitaka kusema amechoshwa na kungoja kazi, akasema «I am boring». Mwalimu akamuambia: «Hapana, weye umesema unachosha watu.» Darasa lote likacheka, na yeye pia.

Kuna pia maneno yanayodanganya. «Priceless» ina mkia wa «bila», lakini si kitu cha bure. Ni kitu cha thamani kubwa hata hakiwezi kupangiwa bei. Mfanyabiashara akikosea hapo, anapata hasara.

Mama wa dawa sasa ana daftari ndogo mezani, na kwenye kila chupa amebandika karatasi ya Kiswahili: «Yenye sumu. Usitumie chupa hii tena.» Mteja akimuuliza neno asilolijua, anamuambia arudi kesho, kisha mangaribi analipeleka kwa mwalimu.