Tupu si hakuna

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipoisha kabla ya kozi. Sayansi ya kompyuta ikabaki nusu. Lakini kuna kitu kimoja cha somo la hifadhidata kilichokataa kunitoka kichwani: tupu si sifuri. Kisanduku kisichojazwa hakisemi "hakuna". Kinasema tu kwamba bado hakijajazwa.

Mwaka jana Ami, nduguye babangu, alilazwa ICU ya hospitali moja hapa kisiwani kwa nimonia. Alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema. Tulikuwa tukiingia mmoja mmoja, mchana na jioni. Waliobaki nje walikaa kwenye benchi na thermos ya chai na mahamri kutoka Kibokoni, wakingoja habari.

Miguuni mwa kitanda kulikuwa na karatasi kubwa. Kila saa sista aliandika pale: mapigo ya moyo, presha, oksijeni, joto, mkojo, namba za mashine. Kompyuta ilikuwa kando, ukutani. Siku mbili nilitazama mambo yanavyokwenda. Namba za karatasini zilihamishiwa kwenye kompyuta mwisho wa zamu, kwa mkupuo, sista amechoka na mwenzake yuasubiri kupokea. Yaani daktari akifungua skrini saa tisa alasiri, aliyemwona mle ni Ami wa usiku uliopita.

Siku ya tatu Shangazi alisikia kwamba dawa inabadilishwa. Shangazi ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo huandika magonjwa ya ukoo mzima.

"Mwanangu," akamwambia sista, "hiyo dawa ni jamii ya penisilini?"

Sista akatazama skrini. "Ndiyo, mama. Lakini hapa hana mzio."

Nikachungulia. Kisanduku cha mzio kilikuwa tupu. Ami aliletwa usiku na jirani, pumzi zimekata, na hakukuwa na wa kuulizwa. Daftarini kulikuwa na mstari wa 2016: sindano ya penisilini, uso ukavimba, akakimbizwa hospitali.

Sista hakubisha. Aliiweka sindano chini, akampigia daktari simu, dawa ikabadilishwa. Kisha akaandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Kwenye kompyuta akajaza baadaye.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari hizi, na tatizo lile lile nalikuta kila mahali. Chukua kipimo cha fahamu cha Glasgow, cha tangu 1974. Kina sehemu tatu, yaani macho, sauti na mwendo wa viungo, na jumla yake ni 3 hadi 15. Mwenye mpira kooni hawezi kupimwa sauti, kwa hivyo wauguzi huandika herufi T. Sasa programu ikikubali namba peke yake, sista atalazimika kuandika 1, na 1 maana yake ni mtu aliyepimwa na asitoe sauti yoyote. Huyo ataonekana mahututi zaidi ya alivyo, na anayesoma ripoti huko Nairobi hatajua.

Si kwamba hatuwezi. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika nchi nyingi, ilianza 2004, na mizizi yake iko Eldoret, kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Juu yake ikajengwa KenyaEMR ya kliniki za HIV. Lakini mgonjwa wa kliniki huja, akaonwa, akaenda zake, akarudi baada ya wiki au miezi. Wa ICU anaweza kubadilika kabla chai haijapoa. Ukichukua programu ya huyo wa kwanza ukampa wa pili vile vile ilivyo, mzigo wote unamwangukia sista: aandike mara mbili.

Mwaka 2023 tulipata Sheria ya Afya Dijitali, na sasa rekodi zatakiwa ziunganishwe nchi nzima. Sawa. Ila anayekuja kukagua mfumo asiulize tu kompyuta ziko ngapi. Asimame kando ya kitanda zamu nzima, ya usiku hasa. Atazame nani anaandika, saa ngapi, na mara ngapi. Na aangalie kama kisanduku cha mzio kina majibu matatu: ndiyo, hapana, hatujauliza. Hilo la tatu ni kazi ndogo kwa mwandika programu, wala halihitaji mashine mpya.

Ami alitoka. Siku hizi anatembea pole pole hadi msikitini, analalamikia ngazi. Lakini kila usiku mtu huletwa hospitali bila jamaa: manamba aliyegongwa Mwembe Tayari, baharia asiyejulikana kwao. Hao nao visanduku vyao huwa tupu, na kule kwenye benchi hakuna Shangazi mwenye daftari.