Hata Mungu Anaomba Karatasi?

Leo ni zamu yangu kuandika. Nilitaka kuandika juu ya masomo, lakini kuna jambo nimelibeba muda mrefu, afadhali nilitue hapa. Ni namna nilivyokaribia kuacha kanisa hapa Rusizi, na namna mama mmoja muuza sambaza alivyonirudisha.

Mimi ni mtoto wa Bukavu, Kadutu. Nilivuka Rusizi ya Kwanza mwezi wa pili 2025, mimi na mdogo wangu na mfuko mmoja. Siasa sitaandika, waliovuka wanajua. Daraja lenyewe ni fupi. Hata jina la mto linabadilika herufi moja tu: kule kwetu tunaandika Ruzizi, huku ni Rusizi. Lakini ukifika ng'ambo wewe si mtu yule yule tena. Kule nilikuwa binti wa fulani, dada wa kwaya. Huku nikawa "Umunyekongo", basi.

Tulifikia kwa shangazi, Kamembe. Usiku ukisimama nyuma ya nyumba unaona taa za Bukavu juu ya maji. Miezi ya kwanza nilikuwa naziangalia kila siku. Kama kwenu ni mbali sana, labda unazoea. Lakini kwenu ukikuona na huwezi kurudi, hiyo inauma vingine.

Halafu yakaja mambo ya karatasi. Mnayajua: mstari, picha, vidole vyote kumi, jina la baba, jina la mama, ulizaliwa wapi, ulipita wapi. Sisemi vibaya, ile karatasi ndiyo inatulinda. Ila nilichoka kuona kwamba kila mahali wanauliza karatasi kabla ya kuuliza habari yako.

Nikajiambia: kanisani haitakuwa hivyo. Misa ni moja dunia nzima. Na kweli, Jumapili ya kwanza sikuelewa mahubiri hata kidogo, lakini nilijua saa ya kusimama na saa ya kupiga magoti. Walipoanza "Dawe uri mu ijuru", mimi nikasema "Baba yetu uliye mbinguni" chinichini, na tukamaliza karibu pamoja. Machozi yalinitoka.

Kisha ikafika saa ya kupeana amani. Mama aliyekaa kando yangu aliwapa mkono wa mbele, akageuka akawapa wa nyuma, mimi akaniruka. Labda hakuniona. Ndivyo ninavyojiambia mpaka leo. Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Lililonivunja zaidi lilikuwa jambo la Kipaimara. Kule Bukavu nilikuwa nimeanza mafundisho, yakakatika kwa vita. Nikaenda ofisini, parokia sitaitaja, kuomba niendelee. Wakaniambia: leta cheti cha ubatizo. Nikasema sina, tulitoka mbio. Wakasema: omba kule ulikobatizwa. Nilimpigia rafiki aliyebaki, akaenda kuuliza, akakuta ofisi imefungwa na hakuna wa kumwambia vitabu viko wapi. Nilirudi mara ya pili na ya tatu, jibu lile lile. Yule aliyenijibu hakuwa mtu mbaya, alifuata alichofundishwa. Lakini jioni ile nilimwambia shangazi: "Kumbe hata Mungu anaomba karatasi?" Shangazi alinyamaza. Nikaacha kwenda Misa. Miezi miwili nzima.

Siku moja niko sokoni Kamembe, nikasikia nyuma yangu: "We mutoto wa Kadutu! Siku ya Mungu unakuwaka wapi? Sikuonake!" Alikuwa mama mmoja wa shirika letu la kule kwetu, naye alikimbia kama sisi. Alikuwa na beseni la sambaza mbele yake. Hakuniuliza nimefikaje wala naishi wapi. Alinigombeza kwanza, kama mtoto wake. Sijui kama mtanielewa: tangu nivuke ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kukasirika juu sikuonekana mahali.

Nikamweleza yote. Akafunika sambaza, akasema: "Leo jioni unakuja na miye."

Alinipeleka kwenye umuryango-remezo wa mtaa wao. Kwa wasiojua, ni kama shirika letu la Kongo, au jumuiya ndogondogo ya Tanzania na Kenya: familia za jirani wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanaulizana nani mgonjwa, nani hana chakula. Nilijitambulisha kwa Kinyarwanda changu cha kuvunjavunja, wakacheka, lakini kicheko kizuri. Mzee mmoja akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Bukavu. Akatulia kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili kabisa: "Mwaka 1994 nilivuka daraja lile nikienda kwenu. Nililala kwa watu nisiowajua. Walinipa ugali na sombe."

Nilikuwa sijazaliwa mwaka ule. Lakini mtoto gani wa Bukavu hajasikia habari za Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa? Yule Mjesuiti aliongoza jimbo letu wakati Wanyarwanda wengi walipovuka kuja kwetu. Aliwasemea wakimbizi pale ambapo kuwasemea kulikuwa hatari, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa palepale Bukavu. Nilikuwa nalijua jina lake kama jina la kusoma tu. Jioni ile, nikiwa mbele ya mzee aliyekula sombe letu, nikaelewa kitu. Daraja lile halina upande wa wenyeji na upande wa wakimbizi. Kila upande umeshapiga hodi kwa mwenzake.

Wale wa umuryango-remezo ndio walionipeleka kwa padri mmoja mzee. Alinisikiliza, halafu akauliza swali moja: "Nani alikuona ukibatizwa?" Akanieleza kwamba Sheria za Kanisa, zile za 1983, zinajua kwamba karatasi zinaweza kupotea. Kanuni ya 876 inasema, kama hakuna anayedhulumiwa, ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika unatosha kuthibitisha ubatizo. Mmoja tu! Akaendelea: kwa kanuni ya 102, mtu akikaa kweli miezi mitatu katika parokia, Kanisa linamhesabu kuwa ana makao pale. Na asiye na makao popote, kanuni ya 107 inampa paroko: ni yule wa mahali alipo sasa. Akasema: "Kwa hiyo hapa wewe si mgeni wa mtu. Una paroko wako."

Nilikuwa na miezi saba pale. Miezi minne nilikuwa nimeshakuwa wa nyumbani, na sikujua.

Kesho yake mama alikuja ofisini na beseni lake, harufu ya samaki ikajaa chumba. Akasema: "Huyu mutoto siku ile nilikuwaka pale. Bakimumwangia maji akalia mpaka shirika yote ikacheka. Ata sasa muone, angali analia." Padri aliandika ushuhuda, akamsomea. Mama hajui kuandika, basi akaweka dole gumba. Mimi nilikuwa nimetoa vidole vyangu kumi ili nijulikane. Yeye alitoa kimoja, kwa ajili yangu.

Nilipata Kipaimara. Kwa Kinyarwanda wanaita Gukomezwa, maana yake kutiwa nguvu, kufanywa imara. Lugha mbili, neno moja. Mama ndiye aliyeniwekea mkono begani mbele ya askofu.

Sitawadanganya kwamba sasa kila kitu ni sawa. Bado kuna wanaoniita Umunyekongo kwa sauti ile mnayoijua. Kule kwetu nako wapo wanaosema, "Ulienda kukimbilia kule?" Taa za Bukavu bado naziangalia. Kilichobadilika ni kwamba jina langu liko kwenye orodha ya wanaofagia kanisa Jumamosi, na nikikosa, naulizwa. Zamani nilifikiri kukaribishwa ni watu kukuchekea mlangoni. Siku hizi najua ni mahali ambapo usipofika, mtu anakutafuta mpaka sokoni.

Kwa ninyi mnaofanya kazi ya kutusaidia: karatasi ni lazima, tunaelewa. Lakini kijana akisema hana, msimalizie hapo. Muulizeni, "Nani anakujua?" Mara nyingi yuko mtu, anauza kitu sokoni.

Na kwenu wenzangu, mlioko hapa, Mahama, Kiziba, Nyabiheke, wa dini yoyote: kuna mtu mlikuwa mnamwona kila juma na sasa hamumwoni. Labda anasimama nyuma ya nyumba anaangalia taa. Mwendeeni. Mkitaka mgombezeni kwanza, kisha mkaeni naye.

Mama akinisoma, mtu amsomee: Jumapili nitakuwapo.