Maji ya bomba hayakimbizwi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeletewa kijitabu cha usafi wa maji nikihariri. Ukurasa wa 4 mtafsiri ameandika: "Kimbiza bomba dakika moja kabla ya kukinga maji." Kwenye Kiingereza palikuwa na neno run, naye akashika maana ya kwanza aliyofundishwa shuleni. Nimeweka "acha maji yatiririke dakika moja". Mama akiambiwa akimbize bomba atakiweka kijitabu kando, na maji atayakinga vilevile kama jana. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 5 Machi

Run halijanitoka kichwani. Katika kamusi kubwa ya Oxford iliyokamilika mwaka 1928, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa set. Zamu ya kulipitia upya run ilipofika, mhariri Peter Gilliver alikaa nalo miezi tisa, akahesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Miezi tisa! Ni muda wa kubeba mimba, na kwangu mimi haukupotea bure.

Nimejaribu kuliandika kwa lugha yetu. Mtoto anakimbia, lakini pua yake inatoka kamasi. Injini inanguruma. Shangazi anaendesha duka, jirani anagombea udiwani, sukari imetuishia, mbwa kagongwa na gari. Mwingereza amepita kote humo na neno lile lile. Mimi kila mara lazima nijue kwanza kinachokwenda ni nini na kinakwendaje, ndipo nipate kitenzi. Mtafsiri asiyejiuliza hivyo atakimbiza kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Baada ya futari binti wa kaka yangu aliroweka kanga mpya kwenye beseni, akatia chumvi. Alipoiinua, maji yalikuwa mekundu hadi kwenye vifundo vya mikono yake.

"Shangazi, inachuja!"

"Isuuze, mwanangu, uitie chumvi tena."

Inachuja. Hata hapo Kiingereza kingesema run, nami sikulikumbuka mpaka alipokwisha kusema. Akaendelea: "Ikikauka naipiga pasi, halafu nampigia mama simu." Nikasimama na kopo mkononi. Tunapiga pasi, simu, picha, mswaki, deki, kura, hodi, chafya, magoti, na hakuna anayeumia. Mgeni anayeanza na fimbo atatuona watu wa vurugu sana. Basi nasi tuna neno letu la kukaliwa miezi tisa, na natamani mtu alikalie.

Usiku nimerudi kazini. Ukurasa wa 11: "Mtoto akikimbia homa, mpeleke kituo cha afya." Nimefuta. Nimeandika: "Mtoto akipata homa."