Vifungo vya Shati Gani?

Kiuno changu nilikuwa sikiandiki daftarini. Vya wateja nimeviandika miaka 22, nikiwa na cherehani yangu kando ya barabara ya Malindi hapa Matsangoni. Changu nilikuwa nikifumua tu mshono wa nyuma na kutia kipande. Mwisho ilikuwa inchi 48.

Daktari wa Nairobi aligeuza tepu upande wa sentimita. Mwanamume akizidi 94, alisema, mafuta yameshazingira ini na matumbo. Akaendelea kuhesabu: presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na yale mafuta mazuri yakishuka chini ya 1. Matatu kati ya hayo matano yakikutana kwa mtu mmoja, hatari ya moyo na kiharusi imepanda. Mimi nilikuwa na manne.

Tiba ikawa operesheni; kuihusu sina mengi ya kusimulia. Shemeji wa Doha alitoa nusu, minazi ya marehemu baba ikaenda rehani kwa nusu nyingine, mfuko wangu wa chakula ukakatwa ukabaki mwembamba kama ndizi. Kilichonipoteza ni sukari. Ilishuka ndani ya siku chache, kilo hazijapungua, maana homoni za matumbo zilikuwa zimebadilika, na daktari mwenyewe akanisimamishia dawa ya sukari. Ile ya presha akasema niendelee nayo mpaka aniambie.

Siku tepu iliposoma inchi 36, nikaiacha. Sikushauriwa na mtu. Na kulikuwa na jambo jingine, hilo ndilo la aibu: nilipokonda, pale stejini walianza kunong'ona. Huku kwetu aliyekonda upesi hupewa ugonjwa bila kupimwa, na akionekana anameza vidonge kila alfajiri, basi kesi imekwisha. Nilitaka kuwa mzima machoni mwao.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipa kidonge na maji. Nilikibana kati ya vidole, nikanywa maji matupu, kisha nikakitumbukiza kwenye mkebe wa vifungo. Ni kidogo, cheupe, sawa na kifungo cha kola. Kisogo kikianza kugonga, nasema ni jua.

Jumamosi moja alimwaga mkebe mkekani akitafuta kifungo cha sare ya mtoto. Akaokota kimoja, akakigeuza kutafuta matundu.

"Baba watoto, hivi ni vya shati gani?"

Sikujibu. Akavihesabu viwili viwili, kama anavyohesabu maembe ya kuuza: 71.

Kituo cha afya tulikwenda kwa bodaboda moja, hatusemezani. Mashine ikasoma 182 kwa 108. Muuguzi akaniuliza kama dawa natumia.

"Kila siku," nikasema.

Mke wangu akafungua pindo la leso, akavimwaga mezani.